Yaya, Samaki Yangu Hakukuomba Mwenzake

Kwa yaya yangu Justin, mutoto wa kwanza wa mama, mwenye alienda kuuza simu kule Nia-Nia,

Mama amenipa ujumbe wako. Umesema umechoka na Nia-Nia, unarudi Bunia, na unataka chumba yako ya zamani, ile ya karibu na jikoni. Haukuuliza kama iko wazi. Umesema tu: "Mutoe vitu ndani, nakuja." Sasa sikia, yaya. Tangu magoti ya mama ilianza kumusumbua, miye ndiye natoa funguo ya vyumba ya kupanga mu hii parsele. Ndiyo, miye, petit wako, mwenye aliachia masomo ku deuxième ya sekondari na mwenye ulikuwa unacheka ku meza kila akisoma gazeti kwa sauti. Mutu akitaka chumba kwetu hapa mutaa wa Mbunya, ananiona miye kwanza. Weye pia. Mama amesema nikujibu, basi nakujibu.

Jibu utaikuta huko chini. Usiruke. Nakujua, weye hata hadithi ulikuwa unaisoma ku mwisho kwanza, kisha unatuambia nani amekufa. Leo utasoma kwanza habari ya samaki yangu, yote, polepole. Na hii barua sikuifunga. Nimemupa dereva wa kamyo bila bahasha, nikamuambia akifika Komanda asome, akifika Mambasa awasomee wenzake wakati wanakula. Mpaka ikufikie, watu wa njia yote watakuwa wanajua Justin ni nani. Ukiona wanakuchekea ku bariere ya njia, ujue ni kwa nini.

Unakumbuka Sapeur alifika kwetu namna gani? Nilikuwa nalima maua kwa ile Madame wa masaidizi, ule mwenye nywele ya rangi ya muhindi mukavu. Wakati mukataba yake iliisha, mupishi alipewa matandiko, mulinzi akapewa redio. Miye niliitwa mu saloni, nikapewa samaki moja mu bokali ya glasi. Na Swahili yake ya kuokota-okota akaniambia: "Huyu peke yake. Mwingine sawa yeye, hapana. Vita." Akagonganisha ngumi zake mbili ili nielewe. Nilielewa. Hata mutu wa diploma angeelewa, lakini tutafika pale.

Nilimuleta ku taxi-moto, bokali iko mu mapaja yangu, maji inarukia suruali. Weye ulikuwa ku mulango unanyoa ndevu na kile kipande ya kioo. Ukachungulia ndani ya bokali, povu ku shavu. Ukasema: "Hii yote ni nguo. Nyama iko wapi?" Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Miye pia nilicheka, juu ilikuwa kweli. Alikuwa mudogo sawa kidole, lakini alikuwa anavaa. Bluu ya wino wa bic, na mukia mwekundu inamufuata nyuma sawa koti ya muimbaji ku siku ya ndoa. Ndiyo maana nikamuita Sapeur, sawa wale wa Kinshasa wenye kuishi juu ya nguo, na weye ndiye wa kwanza kumusalimia na hiyo jina. Kila asubuhi, na muswaki mu kinywa, ulikuwa unainama mbele yake: "Bonjour, Monsieur Sapeur, leo tunavaa nini?" Usifikiri nimesahau mazuri yako. Nayaweka pembeni tu, juu ile ingine iko na uzito kuipita.

Na weye ndiye ulisema bokali ni ndogo, Sapeur anageuka mule sawa mutu mu kasho ya polisi. Tulienda kwa fundi wa vioo, ule wa nyuma ya soko, akatukatia vioo ya dirisha, akatuuzia na kole ya kuishikanisha. Kole ilitaka vioo ishikwe mpaka ikauke. Tulikaa chini mu kiwanja, miye upande huu, weye upande ule, uso kwa uso, kioo katikati. Mama Kavira akapita na ndoo yake. Kwa dereva mwenye anasoma hii: Mama Kavira ni jirani wetu wa kupanga, ametoka Butembo, anauza maharagi, na kinywa yake haina mulango. Akasimama akatuangalia. "Sasa Justin ni nani na petit ni nani? Mungu alichoka, akatengeneza sura moja mara mbili." Ukamujibu: "Mwenye akili ni miye." Nikamujibu: "Mwenye uzuri ni miye." Hatukuwa na ruhusa ya kucheka, kole ingeachia. Tulishikilia kicheko mpaka machozi ikatoka. Yaya, ile ilikuwa siku nzuri. Naiandika ili wasomaji wa Mambasa wajue kama nilikuwa na ndugu.

Maji tuliacha mu beseni mpaka harufu ya dawa iishe. Nyumba ya vioo tukaiweka ku ukuta ya jikoni, upande wa makaa, juu asubuhi ya Bunia iko baridi na Sapeur hakuwa na shuka. Alifurahi. Alikuwa anapanda juu kuvuta hewa, anashuka, anajizungusha na koti yake. Lakini mama hakupenda. "Anakaa peke yake sawa mufungwa," akasema. "Hata mufungwa mutu anamupelekea chakula na kumupa habari." Ndiyo kazi ya kumutafutia wenzake ikaanza, na ile kazi, yaya, hakuna mutu mu Bunia alikuwa anaijua kunipita. Sijisifu. Naeleza.

Nilijifunza kwa mama. Unajua vile anatoa chumba. Kisha vita kuisha, wenye nyumba mu hii muji walianza kuuliza maulizo: jina ya baba, kijiji, ulikimbilia upande gani. Watu walikuwa wanajibu uongo, juu kila mutu alijua jibu yenye mwenye nyumba anataka kusikia. Mama hakuuliza kitu. Mutu akikuja kutafuta chumba, anamukalisha ku benchi mbele ya jikoni, anamupa kikombe ya chai, anamuacha pale. Yeye anapepeta muchele sawa hamuoni. Watu wa parsele wanapita, watoto wanarudi masomo, kuku inapita chini ya benchi. Kisha mama anatoa funguo, ao anasema: "Chai imeisha." Ukisikia hiyo, chukua kofia yako. Ule bwana wa viatu ya kungaa, mwenye alikuwa anataka kulipa mbele ya wakati, aliambiwa chai imeisha. Ule mwalimu mwenye hakuwa hata na godoro alipata funguo. Nilimuuliza mama anaangalia nini. Akanijibu: "Naangalia mukono yake inafanya nini wakati mutoto wa mwingine anakaribia kikombe yake."

Basi nikafanya vile. Nilikata chupa ya plastiki, nikaitoboa matundu na musumari ya moto, nikaisimamisha ndani ya nyumba ya Sapeur. Kila mwenye kutaka chumba alikaa mu chupa kwanza. Waonane, wanusane, kila mutu aonyeshe tabia yake, na hakuna mutu anaumia.

Wa kwanza alikuwa mutoto wa tilapia, nilimutoa ku mabwawa ya njia ya Shari. Hata mbele hajamaliza kukaa, akaanza kupiga chupa na mudomo, anataka parsele yote. Sapeur akafungua mashavu, akavimba sawa mutu wa kulipisha kodi ku soko akiona meza mupya. Weye ulikuwa nyuma yangu na kikombe yako. Ukasema: "Mufungulie tuone." Nikakuambia hapana. Ukasema tena: "Kidogo tu, petit, usiwe na roho ya kike." Nikamutoa tilapia nikasema chai imeisha. Nilipaswa kukuangalia vizuri ile siku.

Kisha tulienda ku Nyamukau, weye na miye, na kipande ya musikitera, chandarua ya mama, sawa wakati tulikuwa watoto. Unakumbuka ulikuwa unanishika shati kwa nyuma ili maji isinichukue, na miye naona aibu mbele ya wasichana wenye wanafua. Ile siku ulinishika tena shati, na nilikuwa na ndevu. Tulipata vile visamaki vya rangi ya feza, vyenye havitulii. Mu chupa vilionekana wazuri. Nikafungulia moja. Ikamuona Sapeur, ikazani mukia yake ni chakula yenye mutu amejifunga nyuma. Ikanyofoa kipande, ikakimbia. Chai iliisha pale pale, na kale kasamaki nilikarudisha mutoni na matusi.

Wa tatu alikuwa mutoto wa kambale. Huyo nilimupenda. Mupole, na sharubu sawa muzee wa kanisa, analala chini ya chupa, hana maneno na mutu. Sapeur alimuangalia akaenda zake. Nikaita mama aone. Mama akaangalia, akauliza: "Baba yake iko na urefu gani?" Nilicheka, lakini nilienda soko. Nikamukuta baba yake ku kichwa ya mama mumoja, mukia inaning'inia mpaka bega. Leo wanalala pamoja, kesho mumoja anaamuka ndani ya tumbo ya mwingine. Nikamurudisha, na huzuni.

Mwenye alipata funguo ni konokono. Nilimuokota mu mufereji. Sapeur alikuja akamugonga mara moja ku mugongo. Konokono akafunga mulango yake. Sapeur akangojea, koti imetandazwa, tayari kwa vita. Konokono akafungua, akaendelea kulamba kioo sawa hakuna kitu imefanyika. Huwezi kupigana na mutu wa vile. Kisha nikaongeza vile visamaki vya udongo vya ku mabwawa ya watu wa matofali, vyenye vinakaa chini, havina rangi, havina nguo ndefu, havina haraka. Nikapanda majani ya maji ili kila mutu awe na pahali pa kujificha akichoka kuonekana. Na wakaishi, yaya. Walikula, walilala, hakuna mutu alivimba.

Pale ndipo nilielewa kitu yenye Madame alikuwa anataka kusema na ngumi zake. Sapeur hakuwa na ubaya na watu wa kutoka mbali. Konokono wa mufereji, samaki wa udongo, aliwaachia nafasi. Ule mwenye hakuweza kumuvumilia ni ule mwenye kuvaa sawa yeye. Nilimuwekea kioo ya kunyolea mbele, siku moja, na akavimba mpaka nikaogopa atapasuka, anapigana na sura yake mwenyewe. Nikaondoa haraka. Weye ulicheka, ukasema nirudishe. Nikakueleza ku meza, mbele ya mama, tonge ya fufu iko mu mukono: usimuwekee mwenye kufanana naye, hata siku moja. Ukasema: "Ndiyo, profesa." Ulisikia, basi. Mama ni shahidi.

Na jioni watoto wa parsele walikuwa wanakuja kuangalia. Moïse wa Mama Kavira ndiye alikuwa mukubwa wao, anavua vitoto vya mbu mu pipa ya maji ya mvua na kumulisha Sapeur na ncha ya jani. Wazazi wakaanza kuja kuita watoto, kisha wanasahau kuita, wanasimama nao wanaangalia. Watu wenye walikuwa wanasalimiana na kidevu tu, juu ya mambo ya vita yenye hakuna mutu alitaka kutaja, walikuwa wanabishana kama konokono iko na macho ao hapana. Zile siku kila nyumba ilikuwa bado na begi imefungwa tayari nyuma ya mulango, unajua vizuri. Nasema na kiburi yote yenye Mungu alinipa: samaki yangu alifanya mu hii kiwanja kazi yenye mikutano mingi haikufanya.

Halafu mama akanituma Nizi, ku matanga ya muyomba. Nilikuachia Sapeur. Nilikushika mukono nikaiweka juu ya kioo. "Umulishe kidogo asubuhi. Usiweke kitu ndani." Ukanipiga kofi ya kichwa, ile ya mapenzi. "Petit, nilikulea weye, nitashindwa samaki?"

Yenye ilifuata nilielezwa na Mama Kavira, na ule mama akieleza kitu hakosi hata rangi ya shati. Ulikuwa umemutuma rafiki yako wa kamyo ya Kampala akuletee mwingine. Dume, mwekundu mutupu, koti mpaka chini, mu sashe ya plastiki. Ulingojea mama aende ku maombi. Ukatoa nyumba ya vioo inje, ukaiweka ku meza yetu ya chakula katikati ya kiwanja, ukaita rafiki zako na bia. Ukainua sashe watu waone. Ukasema: "Petit anamuletea konokono. Miye namuletea ndugu." Wakacheka. Moïse akasema, na sauti yake ndogo: "Yaya Justin, watapigana, petit wako alikataza." Na weye, mutoto wa mama yangu, mwenye unajua vile mama anachunga maneno mu hii parsele, ukamujibu: "Watoto wa watu wa kupanga wakae nyuma. Hapa ni kwetu."

Kisha ukamwaga. Bila chupa, bila kungojea. Wenzako wakachagua kila mutu rangi yake na kushindania bia. Walipiga makofi. Wakati koti ya Sapeur ilianza kutoka vipande na kuelea, mumoja wenu alisema: "Sasa anauza mitumba." Mama Kavira anasema weye ndiye ulicheka sana. Alikuomba uwatenganishe, kikombe tu ingetosha. Ukamuambia aende kuchambua maharagi yake.

Nilirudi Nizi na vumbi mu masikio. Ule mwekundu, paka alikuwa amemumaliza. Sapeur alikuwa chini, nyuma ya konokono, na vijiti tu pale mukia ilikuwa. Samaki wa namna yake ni lazima apande juu kuvuta hewa, na hakuwa na kitu ya kupandia. Anainuka nusu, anaanguka. Nilitoa maji na kikombe, polepole, mpaka ikabaki kidogo, ili hewa ikuwe karibu na mudomo yake. Niliweka chumvi kidogo. Moïse alichungulia ku mulango, hakuingia. Asubuhi ya kwanza Sapeur alivuta hewa, asubuhi yenye ilifuata hakuvuta.

Ukaja na muswaki mu kinywa. Ukasema: "Ni samaki, petit. Nitakununulia ingine." Hiyo ningeweza kumeza. Lakini mama alirudi toka ku soko, akauliza ni nini, na weye ukamuangalia mu macho ukasema: "Ni ule konokono wa mufereji. Alimuletea ugonjwa. Nilimuambia petit asichague hovyo." Yaya. Konokono. Mutu mwenye hakufanya ubaya kwa kiumbe hata moja mu maisha yake yote, ulimubebesha kifo. Na miye nilitoka kumuzika Sapeur, nikakuacha na uongo yako.

Ukaondoka na kamyo ya Nia-Nia mbele ya wiki kuisha. Na ukabeba nyumba ya vioo. Hata hiyo. Dereva aliniambia ameiona ku duka yako, umepanga ndani makava ya simu na chaja. Namushukuru kwa habari. Nilifikiria mara mingi kumuomba aiegemee kidogo na tako akipita, lakini ni mukristu.

Weye ulienda. Siye tulibaki na neno yako, ile ya "wakae nyuma". Moïse aliacha kuvuka kiwanja. Mama Kavira alihamisha jiko yake ya makaa toka kwetu mpaka ku mulango yake, na wanawake wengine wakaona, na kila mutu akahamisha yake. Siku moja nikamukuta anafunga maharagi mu mifuko, na godoro imeviringishwa. Mama aliomba fimbo, akajikokota na zile magoti mpaka kwake, akakaa ku kizingiti sawa mutu wa kutafuta chumba. Walikaa pale mpaka kivuli ya nyumba ikavuka kiwanja. Sijui walisema nini. Naona tu kama godoro ilirudi chini. Lakini nilielewa kama ulikaribia kutuvunjia parsele juu ya kucheka jioni moja, na miye nikajiambia siku moja utaomba kitu, na kitu ile itakuwa mu mukono yangu.

Usiniwazie na huruma. Niko muzuri kukupita. Niko na samaki mwingine, mweupe, anaitwa Bwana Arusi, na nyumba yake ni kubwa kupita ile uliiba. Kuna hoteli mu muji, iko na vioo ya samaki ku mapokezi, walikuwa wanazika samaki kila wiki. Waliniita. Nilikuja na chupa yangu ya matundu, wakacheka, kisha hawakucheka tena. Nilitenganisha madume, nikatoa wenye kuuma mukia, nikatoa mutoto wa tilapia mwenye mutu aliweka juu ya urembo, nikawaletea konokono. Sasa wananiita "Docteur". Moïse ananibebea ndoo na ndiye anaamua nani anatoka mu chupa. Anakataa wengi. Iko na jicho ya mama.

Sasa nikuambie kwa nini nilichelewa kukujibu, juu ujumbe yako ilikaa na miye. Kila nikishika bic, naona shingo yako. Ile siku ya risasi, wakati tulikimbilia upande wa uwanja ya ndege, miye nilikuwa mudogo na kiatu yangu moja ilibaki mu matope, nikaanza kulia nataka turudi kuichukua. Ukaniweka ku mugongo. Watu walikuwa wanaanguka pembeni na weye ukaniambia: "Usiangalie pembeni. Angalia shingo yangu." Niliangalia shingo yako njia yote. Iko na alama mbili sawa mbegu ya nyanya chini ya sikio. Hata leo naweza kuichora. Kule ku kambi ulikata ndala yako moja ukanifungia na kamba, ukatembea na muguu moja wazi, ukawaambia watu ni mode ya Kinshasa.

Hiyo siifuti. Haitafutika, hata nikitaka. Lakini mwenye alinibeba alikuwa na woga na alikuwa na mapenzi, na hakumuambia mutu akae nyuma. Mwenye ametuma ujumbe "mutoe vitu ndani" ni ule wa meza ya bia. Mumekuja wawili mu sura moja, yaya, na miye siwezi kumufungulia mumoja bila mwingine kuingia.

Jibu ndiyo hii. Chumba imepata mutu. Mudogo wa Mama Kavira ametoka Butembo na mashine yake ya kushona, ndiye iko ndani. Usiulize kama alifika mbele ya ujumbe yako ao nyuma. Alifika nyuma. Chumba ilikuwa wazi, na fagio ilikuwa imepita. Ningeweza kukuwekea. Sikutaka. Nilimupa funguo na mikono yangu mbili, na nilisikia utamu mpaka ku meno. Nataka ujue hivyo, bila sukari.

Mama alisema: "Justin ni mutoto wangu." Nikamuambia: "Miye pia." Akaendelea kuchambua majani ya sombe. Kisha akauliza: "Sasa atalala wapi?" Nikasema Bunia iko na malalo mingi ya wageni, na mutu wa duka hawezi kukosa. Nikafikiri atanikatalia, na kama angenikatalia ningetii, unajua. Hakunikatalia. Aliniambia nipande juu ya kiti, nishushe sahani ya maua toka juu ya kabati, nizioshe.

Unazijua zile sahani. Weye na miye hatukuzikulia hata siku moja. Ni ya wakwe, ya pasta, ya watu wa mbali. Ukija, utabisha ku mulango na mutu atakujibu karibu. Utapewa kiti yenye mugongo. Meza itatandikwa kitambaa. Utanawishwa mikono wa kwanza, na kuku itachinjwa, na utapewa firigisi. Hakuna mutu atakutuma kuchota maji. Hakuna mutu atakugombeza, hata mama. Atakuuliza habari ya njia na habari ya mvua kule kwenu. Utasifu chakula. Kisha nitakusindikiza mpaka ku barabara, nikushike mukono, niseme asante kwa kututembelea.

Mama anauliza kitu moja, umujibu haraka na dereva, juu anataka kujua mbele ya kupika: unakula pilipili bado, ao uliacha?

Miye, mudogo wako wa tumbo moja